Pembe ya Nne ya Kimkeka

Jumatatu, 4 Machi

Mama wa Duka ametangaza vita. Yeye ameviita mashauriano, lakini mimi vita navijua. Alitusimamisha mimi na Dokta katikati ya chumba, akasema duka limekuwa kimya mno, na kwamba dirisha halina maana kama hakuna anayesimama kulitazama. Kwa hiyo nafasi ya dirishani atapewa yule atakayeleta watu. Ameweka chupa mbili juu ya kabati, yangu na ya Dokta. Kila mteja anayeingia ni kifungo kimoja cheupe cha shati. Jumamosi ya wiki ijayo, saa sita mchana, atazihesabu.

Dirisha hilo ni langu. Miaka kumi na sita nilikaa pale pembeni ya Mzee, marehemu mume wa Mama, aliyenifundisha kazi ya saa tangu nilipokuwa sijui hata kushika kibano. Alipofariki nilihamia kwenye kiti chake, na sasa ni mwaka wa sita. Kiti changu cha zamani bado kipo hapohapo. Naweka kofia.

Dokta ni fundi simu. Anakaa meza ya nyuma, ukutani, chini ya taa ya tyubu inayopepesa. Anasema akikaa dirishani wapita njia watamwona. Mimi sitaki kuonekana, nataka kuona. Springi ya saa ya kike ni nyembamba kuliko unywele, na macho yangu yana miaka hamsini na minane. Nikipelekwa kule nyuma kazi yangu imekwisha, na mimi pia. Hilo sikulisema. Nilisema kwamba sijali, hata kidogo.

Dokta ana silaha. Mlangoni amebandika karatasi yenye kile kimraba cha vinukta vyeusi na vyeupe. Unakielekezea kamera ya simu, papo hapo unafika mtandaoni, unamwona Dokta akifufua simu iliyotumbukia chooni. Watu wanasimama, wanacheka, wanaingia. Wenyewe wanasema wanaskani msimbo. Mimi nakiita kimkeka, maana kinafanana na mkeka uliosukwa na mtu mwenye hasira.

Nimeamua. Nami nitakuwa na kimkeka.

Jumanne, 5 Machi

Nimerekodi video. Kazi safi! Nilisubiri Dokta aende kula, nikasimamisha simu yangu juu ya maboksi mawili ya betri, nikafungua saa ndogo ya kike, nikaisafisha, nikairudisha. Dakika tisa. Mikono tu inaonekana, na mwanga wa dirisha. Hakuna maneno. Dokta kwenye video yake anapiga domo kama mnadi wa mitumba. Mimi nimeiachia kazi ijieleze.

Sikuirudia kuiangalia. Kazi yangu naijua. Isitoshe spika ya simu yangu ilikufa mwaka jana, na kumpelekea Dokta aitengeneze ni sawa na kusalimu amri.

Jioni mke wangu aliuliza kama bado naongea peke yangu kazini. Nilimuuliza nani amemwambia uongo huo. Alisema amekaa na mimi miaka thelathini. Hilo si jibu. Mke wangu ni mkutubi wa shule, kazi yake ni kuwanyamazisha watoto, kwa hiyo kila mahali anasikia kelele. Mimi siongei peke yangu. Sijawahi.

Jumatano, 6 Machi

Kwa shemeji, mdogo wake mke wangu, mpiga chapa. Chumba kizima kinanuka wino na karatasi mbichi. Aliipokea video, akaiweka kwenye ukurasa wa mtandao wa kiwanda chake, kisha akatengeneza kimkeka kinachoelekeza kwenye ukurasa huo. Alisema video ni nzuri sana, ameisikiliza mara mbili. Nikamwambia ni ya kutazama. Alinitazama kidogo, akasema sawa, shemeji.

Tukaanza kubishana kuhusu ukubwa. Alitaka kukifanya kiwe kikubwa kama kiganja. Kiganja! Mimi nimeshika vitu vidogo maisha yangu yote, najua ufundi unaonekana kwenye udogo. Nilimwagiza kadi nyeupe, safi, na katikati yake kimkeka chenye ukubwa wa kifungo cha shati. Alinionya kwamba simu hazitakiona. Nilibana lenzi jichoni, nikakagua, nikamwambia naona kila kinukta, kingo zake zimenyooka vizuri. Akasema tatizo si jicho langu.

Kadi mia tatu. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya aibu.

Nimesimama njiapanda asubuhi nzima nikigawa kadi. Mwanamke mmoja mwenye kikapu alitoa ufunguo, akakwangua kimkeka changu mpaka karatasi ikatoboka, halafu akauliza namba za vocha ziko wapi. Wa pili naye akakwangua. Wa tatu, mzee wa heshima, aliona ni uchafu, akaupangusa kwa kidole chenye mate na kunirudishia kadi akisema sasa imetakata.

Waliojaribu kwa simu walisogea, wakarudi nyuma, wakasogea tena, kisha wakakata tamaa. Dokta alijaribu pia, mbele ya Mama. Alisema kwa upole kwamba kamera haioni kitu kidogo hivyo, akanipa ushauri nikiongeze ukubwa. Upole wake ndio unaoniudhi. Nilimjibu kwamba watu wenye subira watakiona.

Chupa ya Dokta ina vifungo kumi na moja. Yangu haina kitu. Mtu mmoja aliingia akaniuliza ni saa ngapi, lakini Mama alisema huyo si mteja.

Ijumaa, 8 Machi

Mama alipokwenda kuchukua maji, nilitumbukiza kifungo kimoja kwenye chupa yangu. Kimoja tu, cha kutia moyo.

Jioni aliishika chupa, akaitikisa kidogo. Aliuliza kwa nini mteja wangu wa kwanza ana rangi ya kahawia na matundu manne. Dokta aliinama kutafuta kitu chini ya meza, akakaa huko muda mrefu. Nilisema labda ni mteja wa aina yake.

Nyumbani mke wangu ameuliza koti langu limepatwa na nini.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekubali ukubwa wa kiganja. Sijashindwa, nimekubali tu. Shemeji alinichapia mabango sitini, akayaacha kwenye kaunta akaenda msibani. Nikayafungua nyumbani, nikayapanga sebuleni, nikakaa kuyatazama.

Nikaona kasoro! Kimkeka kina miraba mikubwa mitatu: juu kushoto, juu kulia, chini kushoto. Chini kulia hakuna kitu, ni vinukta tu vimetawanyika ovyo. Wamesahau pembe ya nne! Nilimpigia shemeji hukohuko msibani. Alinong'ona kwamba ndivyo vilivyo vyote, akakata simu. Ndivyo vilivyo! Hayo ndiyo maneno ya mafundi wa siku hizi. Mzee asingeniruhusu kutoa saa yenye skrubu tatu mahali pa nne.

Nikachukua brashi ile ya kupakia rangi mishale ya saa, na wino mweusi. Mraba wa nne, mabango yote sitini, kwa mkono. Kutwa nzima. Mkono haukutetemeka hata mara moja. Sasa kimkeka kimetulia. Ukikitazama moyo unatulia pia.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu alirudi kutoka kanisani, akanikuta nimeyatandaza mabango yakauke. Alielekeza simu yake kwenye la kwanza. Kimya. La pili, kimya. Akaketi juu ya mkono wa kochi, akaniuliza taratibu nimefanya nini.

Nikamweleza. Hakucheka, na hilo lilinitisha. Alisema vitabu vya maktaba yake vyote vimebandikwa misimbo ya aina hii, kwa hiyo anaijua. Alisema ile pembe haijasahauliwa. Imeachwa bila mraba makusudi, kwa sababu mtu hushika simu anavyotaka, kichwa chini, ubavu, vyovyote. Na ile pembe inayokosekana ndiyo inayoiambia simu upande gani ni juu na upande gani ni chini. Nikiijaza, simu haijui ianzie wapi. Alisema ni sawa na kutengeneza uso wa saa wenye alama ya saa sita pande zote nne.

Hapo nikaelewa. Nilifikiria kile kiti cha dirishani ninachowekea kofia. Dokta aliwahi kuniomba akitumie, nikamkatalia, nikasema kinavunjika. Hakivunjiki. Ni kwamba nikikaa pale na kile kiti kikiwa kitupu, najua nilipo. Sijui kwa nini nimeandika hivi.

Hata hivyo, kimkeka kwa macho bado ni kibaya.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji alinipa stika ishirini za mwisho, za ukubwa wa kiganja, zenye miraba mitatu tu. Alininyang'anya wino kwanza.

Mke wangu alijaribu moja mezani. Ikafunguka! Mikono yangu ileile, dirisha lilelile, ndani ya simu yake. Aliguna, akaanza kuongeza sauti, lakini nilikuwa nimechelewa, nikazoa stika zangu nikaondoka. Nimezibandika kwa kinyozi, kwa muuza dawa, kwenye nguzo tatu na ukuta wa kiwanda cha matofali.

Ukurasa unaonyesha waliotazama ni kumi na wanne. Kumi kati yao nadhani ni shemeji. Mteja mmoja, mkanda wa saa. Nimepata kifungo changu cha kwanza cheupe. Dokta ana ishirini na tisa.

Zimebaki siku tano. Leo nimejaribu kufanya kazi kwenye meza ya nyuma, Dokta alipotoka. Nimeangusha skrubu tatu, na ya tatu sijaiona mpaka sasa. Nilirudi dirishani, nikakaa bila kugusa chochote.

Jumanne, 12 Machi

Nimefanya jambo.

Naliandika lilivyo. Niliwahi kufika dukani asubuhi kabla ya wote. Stika yangu na kimkeka cha Dokta mlangoni vina ukubwa mmoja, nilikuwa nimeshapima. Nilikata kingo kwa wembe wa kazi, nikapaka gundi, nikaibandika stika yangu juu ya kimkeka chake. Juu bado pameandikwa Dokta wa Simu, na chini ipo picha yake amevaa koti jeupe. Katikati ni mimi. Hata kwa lenzi usingeona mahali palipounganishwa.

Sijaiba. Sikuchukua kitu, nimeongeza. Mlango ni wa Mama, si wa Dokta. Na watu wanaokwenda kutazama simu ya chooni hawatadhurika wakiona kazi ya maana kwa dakika tisa. Nimeyafikiria haya yote kwa kina, na kila nikiyafikiria naona niko sahihi.

Kufikia alasiri waliotazama: tisini na sita.

Jumatano, 13 Machi

Mia tatu na arobaini!

Lakini kuna jambo sielewi. Kwenye video ya Dokta watu walikuwa wanacheka. Kwenye yangu wanasimama mlangoni na simu masikioni, wamenyamaza. Mmoja alitoa leso. Kuna mafua siku hizi.

Na wanaingia. Wateja wanane leo! Kinyozi ameleta saa ya baba yake iliyolala droo miaka mingi. Alisema hakuwahi kufikiria kuifufua mpaka aliponisikia. Nikamsahihisha: aliponiona. Mama mmoja mtu mzima aliniuliza kama Mzee aliridhika na ile springi. Nilimwambia Mzee amefariki. Alisema anajua, ndiyo maana anauliza. Watu wa ajabu kabisa. Nilimwambia springi iko salama, akashukuru, akaacha saa mbili.

Dokta amekuwa mtulivu. Alipita meza yangu mara mbili akanitazama na kutabasamu, kisha akaniletea kikombe cha chai bila kuombwa. Ana njama.

Alhamisi, 14 Machi

Mama ameskani.

Mchana alisema anataka kuona kila mmoja wetu anafanya nini kabla ya Jumamosi, ili atende haki. Akatoa simu yake, akavaa miwani, akatoka mlangoni kuangalia kwanza ya Dokta. Nilimwona kupitia dirisha langu. Alielekeza simu, akasubiri. Nilijua anachokiona, na nilijua juu yake pameandikwa jina la nani.

Alisimama pale dakika tisa nzima. Nilizihesabu kwa saa saba tofauti. Hakucheka, hakuita mtu. Kisha akaingia, akapita katikati yetu bila kutazama kulia wala kushoto, akaingia chumba chake cha nyuma, akafunga mlango. Leo hakuhesabu vifungo.

Nimeogopa. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Sikuogopa dirisha tu. Huyu mama alinipikia siku nilipofika kuomba kazi, sina hata viatu vya maana, na Mzee akasema mikono yangu ni mikubwa mno kwa saa. Yeye ndiye aliyemwambia anijaribu. Sasa huenda akaniita mwizi.

Ijumaa, 15 Machi

Mama ameniita kabla sijavua kofia. Na Dokta pia.

Alinipa wembe wangu mwenyewe, akasema nikabandue. Nikabandua, wao wakiwa wamesimama nyuma yangu, na nje kinyozi akichungulia. Nilifanya kazi nzuri. Karatasi ya Dokta haikuchanika popote. Hakuna aliyenisifu.

Nilimwomba Dokta radhi. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Alijibu kwamba alijua tangu Jumanne mchana, pale mteja wake wa kwanza alipoingia akilia badala ya kucheka. Aliacha kwa sababu alitaka kuona nani mwingine atalia. Na kwamba yeye mwenyewe ameisikiliza mara nne.

Nikasema jamani, kwa nini kila mtu anaisikiliza? Mama akanitazama sana. Akaweka simu yake mezani, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Ilikuwa mikono yangu. Na sauti yangu. Dakika tisa! Namwomba Mzee radhi kwa kuishika springi vibaya. Namweleza kwamba gurudumu la tatu limechakaa lakini sitalibadilisha, maana yeye alipenda vitu vimalize maisha yao. Namuuliza kama anakumbuka saa ya mwalimu mkuu. Namwambia duka limekuwa kimya na kwamba Mama anachoka, na sijui la kufanya. Halafu karibu na mwisho, wakati wa kurudisha mshale, nasikika nikisema waziwazi: sogea kidogo, Mzee, unanizibia mwanga.

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nilisema labda ni upepo.

Mama alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Alisema ni kweli, Mzee alikuwa akiinama mno, kila siku alimzibia mtu mwanga; hata Mama alipokuwa akichambua mboga jikoni, Mzee alikuja kuinama juu yake. Alisema kwa miaka sita alidhani ni yeye peke yake anayeongea naye ndani ya nyumba hii, na alikuwa ameanza kujionea haya. Akajifuta kwa upindo wa gauni, akaniambia kilichonipasa: kwamba nilichomfanyia Dokta ni kibaya, na Mzee angenipiga kibao. Nikasema ndiyo, Mama.

Jumamosi, 16 Machi

Saa sita kamili, na katika dirisha hili saa sita ikifika inafika mara arobaini.

Mama alihesabu kwa sauti. Dokta sitini na tatu. Mimi ishirini na viwili, kimoja cha kahawia. Nilisimama. Nilianza kukusanya vibano vyangu, kimoja kimoja, kwa mpangilio, ili mikono iwe na la kufanya.

Mama aliuliza naenda wapi. Akamimina chupa zote mbili kwenye kopo moja la biskuti, vifungo vikachanganyika. Alisema alichokuwa anatafuta ni watu waingie, na wameingia. Dokta anataka kuonekana, kwa hiyo lile kabati la vioo lililo ukumbini kwa Mama litaletwa mlangoni, na meza ya Dokta itakaa nyuma ya hilo kabati, ikitazama barabara kabisa. Mimi nataka kuona, kwa hiyo nibaki nilipo, mpaka Mzee aseme vingine. Dokta alikuwa anajua tangu jana na ameshapima mlango. Hakuna aliyeniambia.

Nilikaa. Kofia nikaitoa kwenye kile kiti, nikaishika magotini muda fulani, kisha nikairudisha.

Mama ameomba stika moja. Nilimpa, nikatarajia ataibandika nje, mahali penye watu. Ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake la vikombe. Nilimweleza kwa heshima kwamba pale hakuna mpita njia hata mmoja. Alisema anajua. Biashara hajaielewa bado, lakini ni mwenye nyumba, nikarudi kwenye saa zangu.

Jumapili, 17 Machi

Nimetafakari wiki hizi mbili kwa utulivu, na nimefikia hitimisho. Nimeshinda kwa sababu ya ubora wa chapa na usafi wa kingo. Kasoro ilikuwa moja tu: kelele. Haiwezekani fundi mwenye sifa zangu asikike akibwabwaja mbele ya umma. Ni utovu wa kitaalamu.

Shemeji amesema inawezekana kuweka video nyingine palepale, na stika zote zitaelekea kwenye mpya bila kubadilisha kitu. Vizuri sana. Mama naye akifungua kabati lake atakuta kazi safi, isiyo na upuuzi, apate kupumzika. Itakuwa zawadi yangu kwake. Mke wangu aliposikia hilo aliacha kukunja nguo. Alisema ile ya kwanza ameshaihifadhi kwenye simu ya Mama na kwenye simu yake mwenyewe, na shemeji amekatazwa kuifuta. Sijui ya nini. Inajaza nafasi bure.

Nimemwagiza shemeji stika mpya mia mbili. Nimemwomba aongeze mraba wa nne, mdogo tu, wa kijivu hafifu, simu haitagundua. Alisema atafikiria. Nadhani nimemshawishi.

Asubuhi nilikwenda dukani peke yangu, mwanga ukiwa mzuri. Nilibana njiti ya meno katikati ya midomo, nikaibana hasa, isiachie. Nikawasha simu. Dakika nane, saa kubwa ya mfukoni, kimya kama maktaba. Njiti haikuanguka.

Mke wangu ndiye aliyeisikiliza kwanza, jikoni, kwa visikizio. Nilimtazama usoni. Alijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, mabega yakatikisika, akageukia ukutani, akabaki hivyo. Nilimuuliza kuna nini. Alisema hakuna kitu, hii ni nzuri hata kuliko ya kwanza, hasa pale ninapomweleza Mzee kwamba leo nimebana njiti kwa hiyo asitegemee nitamsemesha.

Sikumwelewa. Mimi sikusema neno.